Mwendo wa Sahani na Ukweli wa Sauti

Kabla ya mwaka 1877 sauti ya mwanadamu ilikuwa haina makao duniani. Maneno yaliweza kuandikwa, na sura iliweza kuchorwa, hata kupigwa picha; lakini sauti ilipotoka kinywani ilikwenda na upepo, na mwenye sauti alipofariki ilizikwa pamoja naye. Mwaka huo Thomas Edison wa Marekani alitengeneza chombo kilichoweza kuishika sauti na kuirudisha tena masikioni. Watu walistaajabu, na wengi walidhani kwamba sasa shahidi wa kweli amepatikana: shahidi asiyesahau, asiyeongeza wala kupunguza. Dhana hiyo haikuwa sahihi kabisa. Shahidi huyo alikuwa na udhaifu mmoja, nao ulikuwa katika mwendo wake. Kwa muda wa miaka mingi mafundi na wataalamu walishindana na udhaifu huo, na habari za mashindano yao zina mafunzo kwa kila mtu apendaye kuhifadhi mambo ya watu wake.

Kwanza na tufahamu sauti ni nini. Ukipiga uzi wa gambusi, uzi hutetemeka, nao huitetemesha hewa mpaka mitetemo ikafika sikioni. Mitetemo ikiwa mingi katika kila sekunde, sauti huwa nyembamba. Ikiwa michache, sauti huwa nene. Wembamba huo na unene huo ndio tutakaouita kimo cha sauti. Wanamuziki wanaopiga pamoja hawana budi kukubaliana juu ya kimo kimoja cha kulinganishia vyombo vyao, kama wafanyabiashara wanavyokubaliana juu ya mizani. Hapo kale kila mji wa Ulaya ulikuwa na mizani yake. Ufaransa iliweka kipimo cha mitetemo 435 kwa sekunde mwaka 1859, na mwaka 1939 mkutano wa mataifa uliofanyika London ulichagua mitetemo 440, ambayo ndiyo hutumika sana hata leo.

Sasa na tutazame jinsi sahani ya santuri inavyoishika sauti. Katika siku za mwanzo mwimbaji aliimba mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yake ikatikisa sindano iliyokuwa ikichora mfuo mwembamba katika nta inayozunguka. Sauti ya mitetemo 440 iliacha katika mfuo ule mawimbi 440 kwa kila sekunde. Kutokana na nta hiyo zilifanywa sahani ngumu za kuuzwa. Nyumbani kwa msikilizaji kazi ilikwenda kinyume: mfuo uliitikisa sindano, na sindano ikaitikisa hewa. Ikiwa sahani ilizunguka kwa mwendo ule ule wa siku ya kuimbwa, mawimbi 440 yalipita chini ya sindano kila sekunde, na sauti ikarudi kama ilivyokuwa. Ikiwa ilizunguka upesi zaidi, mawimbi mengi zaidi yalipita na sauti ikawa nyembamba. Ikiwa ilizunguka polepole, sauti ikawa nene. Basi sahani haihifadhi sauti yenyewe. Huhifadhi umbo la mawimbi tu, na mwendo ndio unaoligeuza umbo hilo kuwa sauti.

Hesabu ndogo itatuonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme wimbo wa dakika 3 ulirekodiwa katika nta iliyozunguka mara 74 kwa dakika, yaani jumla ya mizunguko 222. Sahani yake ikichezwa kwa mizunguko 78.26 kwa dakika, wimbo utakwisha baada ya dakika 2 na sekunde 50 hivi. Sekunde kumi zilizopotea si hasara kubwa. Lakini sauti ya mitetemo 440 itakuwa imepanda hadi mitetemo 465, na hiyo ni karibu nusu toni nzima, yaani hatua ya kutoka kibao kimoja cha piano mpaka kile kinachokifuata. Mtu akitaka kuifuata sahani hiyo kwa piano yake ataona kwamba havikubaliani. Zaidi ya hayo, sauti ya mwimbaji itakuwa imebadilika tabia: mtu mzima ataanza kusikika kama kijana, na pumzi zake zitaonekana kuwa fupi kuliko zilivyokuwa.

Yafaa pia tutenge makosa ya namna mbili. Ikiwa mwendo umekosewa, lakini ni ule ule tangu mwanzo hata mwisho, sauti zote hupanda au kushuka pamoja, na hatua kati ya sauti moja na nyingine hazibadiliki. Ni kama nyumba iliyohamishwa nzima kutoka mahali pake: milango na madirisha yamo kama yalivyokuwa. Lakini ikiwa mwendo wenyewe unayumba, mara upesi mara polepole, hatua zenyewe huharibika, na wimbo huyumba kama mlevi. Kosa la pili husikika na kila mtu. Kosa la kwanza ni gumu kulitambua, kwa sababu halina kelele. Nalo ndilo lililowadanganya wengi.

Katika miaka ya mwanzo kosa la kuyumba ndilo lililotawala, kwa kuwa mwendo ulitegemea mkono wa mtu. Chombo cha kwanza cha Edison kilikuwa na silinda iliyofunikwa karatasi ya bati, nayo ilizungushwa kwa mkono. Mwaka 1887 Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, aliomba hati ya uvumbuzi wa santuri yake, ambayo baadaye ilitumia sahani bapa badala ya silinda. Sahani zilikuwa rahisi kuchapwa kwa wingi, lakini santuri za kwanza za Berliner nazo zilizungushwa kwa mkono. Mkono hauna mwendo mmoja. Huchoka, husita, na huharakishwa na furaha ya mwenyewe.

Aliyeuondoa mkono katika kazi hiyo alikuwa fundi Eldridge Johnson wa mji wa Camden, katika jimbo la New Jersey. Mwaka 1896 aliitengenezea santuri ya Berliner mtambo mzuri wa kamani, kama ule wa saa. Lakini kamani peke yake haitoshi, kwa maana kamani iliyokazwa sana husukuma kwa nguvu, na inapolegea nguvu hupungua. Kwa hiyo paliwekwa kidhibiti mwendo. Vipande vidogo vya madini vilifungwa katika vyuma vyembamba kandokando ya mhimili unaozunguka. Mhimili ulipokwenda upesi mno, vipande hivyo vilitanuka kwenda nje, vikavuta kisahani kidogo mpaka kikasuguana na breki laini, na mwendo ukapungua. Ulipopungua, vilirudi ndani na breki ikaachia. Hivyo mtambo ulijirudi wenyewe, bila kungoja kuambiwa.

Kidhibiti hicho kilileta baraka, lakini kilileta na fitina yake. Msikilizaji aliweza kuisogeza breki kwa skrubu au kwa kishikio kidogo na kuchagua mwendo autakao. Sahani moja iliyouzwa katika nyumba mia ilikuwa na vimo vya sauti vingi kama vile nyumba zenyewe zilivyokuwa nyingi. Wala makampuni yaliyotengeneza sahani hayakuwa na shauri moja. Sahani za Edison zilizotoka tangu mwaka 1912 zilitaka mizunguko 80 kwa dakika. Kampuni ya Columbia nayo ilitaja 80. Sahani nyingi za Pathé wa Ufaransa zilitaka 90 au zaidi. Na nyingine zilizunguka chini ya 75. Wakati mwingine fundi aliupunguza mwendo kwa makusudi ili wimbo mrefu upate nafasi katika sahani ndogo, na hakuandika popote kwamba amefanya hivyo.

Tusiwalaumu mafundi hao kupita kiasi, kwa maana walifanya kazi mahali pagumu. Fred Gaisberg wa kampuni ya Gramophone ya London alisafiri na mitambo yake nchi kwa nchi. Mwezi wa Aprili 1902 alimrekodi Enrico Caruso katika chumba cha hoteli mjini Milan, na mwishoni mwa mwaka huo huo alikuwa Calcutta akimrekodi Gauhar Jaan, mwimbaji mashuhuri wa Bara Hindi. Nia yao ilikuwa kuuza sahani, na haikuwa kuandika historia. Hawakujua kwamba miaka mia baadaye watu wangetaka kujua hasa nta ile ilizunguka mara ngapi kwa dakika.

Hasara ya kutokujua inaonekana waziwazi katika habari za Alessandro Moreschi. Katika karne zilizopita huko Italia, wavulana wengine walihasiwa ili sauti zao zisivunjike walipokua, wapate kuimba kwa sauti nyembamba yenye nguvu ya kifua cha mtu mzima. Desturi hiyo ya kikatili ilikwisha, na Moreschi, aliyezaliwa mwaka 1858 na kufariki mwaka 1922, alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho wa namna hiyo katika kwaya ya Kanisa la Sistine, Vatican. Mafundi wa kampuni ya Gramophone walimrekodi mwaka 1902 na tena mwaka 1904. Yeye ndiye pekee wa aina yake aliyeacha sahani za kuimba peke yake. Mtu akitaka leo kujua waimbaji wale walisikikaje, hana mlango mwingine wa kupitia.

Je, sahani za Moreschi zichezwe kwa mwendo gani? Zikizungushwa upesi kidogo kupita haki yake, sauti hupanda na mtetemeko wa koo huwa wa haraka, na msikilizaji asema huyu aliimba kwa woga. Zikizungushwa polepole kupita haki yake, sauti huwa nzito, na msikilizaji asema huyu hakuwa na sauti ya ajabu kama tulivyosimuliwa. Wataalamu hutafuta msaada katika karatasi za muziki zilizochapwa, zinazoonyesha wimbo ulianzia sauti gani. Huo ni ushahidi mzuri, lakini hautoshi, kwa kuwa mwimbaji aweza kuushusha au kuupandisha wimbo kulingana na koo lake, na piano ya siku hiyo huenda haikulinganishwa kwa kipimo cha leo. Hivyo hukumu juu ya ufundi wa mtu aliyekwisha kufa hutegemea tarakimu moja ambayo hakuna aliyeiandika.

Matengenezo makubwa yalikuja pamoja na umeme. Tangu mwaka 1925 makampuni makubwa yalianza kurekodi kwa maikrofoni badala ya pembe, na mota za umeme zikaanza kuchukua nafasi ya kamani. Umeme wa Marekani hupiga mapigo 60 kwa sekunde, na mota inayofuatana na mapigo hayo huzunguka mara 3,600 kwa dakika. Mwendo huo ukigawanywa kwa meno 46 ya gurudumu, jibu ni mizunguko 78.26. Katika nchi zenye umeme wa mapigo 50, kama Uingereza, hesabu iliyo karibu zaidi ilitoa 77.92. Tofauti ya miendo hiyo miwili haifiki hata sehemu moja katika mia, na sikio la kawaida haliitambui. Ndipo jina la sahani za 78 lilipopata maana ya hakika.

Umeme huo huo ulimpa kila mtu njia rahisi ya kuupima mwendo. Taa ya umeme huwaka na kufifia mara mbili kwa kila pigo, ingawa macho yetu hayaoni. Kwa umeme wa mapigo 50, huwaka mara 6,000 kwa dakika. Basi karatasi ya duara yenye mistari 77 ukingoni iliwekwa juu ya sahani inayozunguka. Mwendo ulipokuwa sawasawa, kila mstari ulifika mahali pa mwenzake wakati ule ule taa ilipowaka, na mistari ikaonekana imesimama tuli. Mwendo ulipozidi, mistari ilionekana kwenda mbele. Ulipopungua, ilionekana kurudi nyuma. Kwa umeme wa mapigo 60 mistari ilikuwa 92. Kipande cha karatasi kilimaliza ubishi ambao masikio yalikuwa yameshindwa kuumaliza. Baadaye zikaja sahani za mizunguko 33 na theluthi moja, zilizotolewa na Columbia mwaka 1948, na zile za 45, zilizotolewa na RCA Victor mwaka 1949. Nazo zilikuwa na mwendo uliojulikana tangu kuzaliwa kwake.

Sauti ya kwetu pia imo katika historia hii. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya Gramophone, na sahani zao zikasikilizwa katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Siti alifariki mwaka 1950. Walio hai leo hawana njia ya kuisikia sauti yake ila kwa sahani hizo, na kila anayezicheza, kwa kusogeza kishikio kidogo tu, aweza kumfanya Siti awe binti au ajuza.

Hata hivyo mtu asidhani kwamba umeme ulikomesha makosa yote. Mwaka 1959 mpiga tarumbeta Miles Davis alirekodi New York muziki wa sahani iitwayo Kind of Blue, ambayo ni miongoni mwa sahani zinazosifiwa sana katika muziki wa jazz. Siku ya kwanza ya kazi, mtambo mmoja wa utepe ulikuwa ukienda polepole kidogo. Utepe huo ulipochezwa katika mtambo wenye mwendo wa haki ili sahani itengenezwe, muziki wote wa upande wa kwanza ulipanda kidogo, karibu robo ya toni. Kwa zaidi ya miaka thelathini vijana waliojifunza kwa kuifuata sahani hiyo walikuta vyombo vyao havilingani nayo. Dawa ilipatikana katika miaka ya 1990, kwa sababu mtambo wa pili uliokuwa na mwendo sahihi ulikuwa umerekodi siku ile ile, na utepe wake ulikuwa umetunzwa. Bila shahidi huyo wa pili, kosa lingaliendelea kuitwa kweli.

Waliolitambua jambo hili mapema hawakuwa wafanyabiashara bali wanachuoni. Mwaka 1900 Carl Stumpf alianzisha mjini Berlin hazina ya sauti za mataifa, na baadaye Erich von Hornbostel akaisimamia. Wasafiri walipewa vyombo vya silinda za nta, na pamoja navyo walipewa filimbi ndogo yenye sauti moja tu, ya mitetemo 435. Waliagizwa kuipuliza filimbi hiyo mbele ya pembe kabla mwimbaji hajaanza. Baadaye, mwenye kuisikiliza silinda alisogeza mwendo mpaka filimbi ikalia kwa mitetemo 435, na mara hiyo alijua kwamba wimbo uliofuata ulikuwa katika kimo chake cha haki. Hila hiyo ndogo ilishinda mitambo mingi ya gharama. Mwaka 1906 Karl Weule alizunguka kusini ya nchi iitwayo leo Tanzania, akichukua kwa silinda za nta sauti za watu wa huko. Na mwaka 1909 Hornbostel alichapisha maelezo ya nyimbo za Wanyamwezi zilizochukuliwa kwa njia ya namna hiyo.

Katika miaka ya 1950 na 1952 Hugh Tracey alipita Afrika ya Mashariki akirekodi muziki, na pamoja na mitambo yake alichukua uma za sauti, yaani vyuma ambavyo kila kimoja kikigongwa hutetemeka kwa idadi moja isiyobadilika. Kwa vyuma hivyo alipima sauti za marimba na vyombo vingine, akaandika hesabu ya mitetemo yake. Miongoni mwa muziki aliourekodi ulikuwa ule wa nyumba ya Kabaka wa Buganda. Mwezi wa Mei 1966 jeshi la serikali ya Uganda lilishambulia kasri ya Kabaka huko Mengo. Vyombo vya kifalme viliharibiwa na wapigaji wake wakatawanyika, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Buganda ilipomrudisha Kabaka wake mwaka 1993, wazee wengi waliojua muziki ule walikuwa wamekwisha kufa. Marimba iliyoungua haiwezi kuulizwa tena ilikuwa na sauti gani. Lakini sauti iliyohifadhiwa pamoja na kipimo chake yaweza kumwongoza fundi achongaye marimba mpya.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sauti ni mali, na mwendo ni daftari lake. Siku hizi kompyuta yaweza kuusahihisha mwendo wa sahani kuukuu kwa muda mfupi, lakini haiwezi kulijua jambo ambalo hakuna aliyeliandika. Moreschi alirekodiwa na mafundi hodari wa zama zake, na bado twabishana juu ya koo lake. Silinda ya msafiri aliyekumbuka kupuliza filimbi haina ubishi. Kwa hiyo kijana atakayetaka kuhifadhi nyimbo za harusi, za unyago au za kazi katika kijiji chao, asitosheke na kuwa na chombo kizuri. Na aandike siku, mahali na jina la chombo kilichopigwa. Na kabla ya wimbo kuanza, agonge uma mmoja wa sauti. Kitendo hicho hakizidi sekunde tano, na watu watakaozaliwa baada yake watamshukuru.